Omogaka Nyachae, mkate wake na risiti yangu

Hotuba kwa wafanyabiashara na watumishi wa umma wa kanisa la Waadventista, Kisii mjini, Jumapili baada ya makambi

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mashemasi, akina mama wa Dorkasi ambao mmekuwa jikoni tangu jogoo la kwanza na sisi tunaambulia harufu tu, wafanyabiashara wenzangu, walimu, vijana wangu wa afisi za kaunti: Bwana asifiwe. Keti, mwanangu, usinisimamie. Nikikuona wima nitadhani umeshachoka nami na bado sijaanza.

Niliombwa nije tumkumbuke Omogaka, yaani Mzee, Simeon Nyachae. Kijana aliyenipigia simu alisema, "Mzee, tufundishe jinsi mtu anavyoweza kuwa tajiri, mtumishi wa serikali na mtu wa kanisa, yote kwa pamoja." Nikamwuliza, wataka nikuambie kwamba inawezekana, ama wataka nikuambie ilivyo? Akacheka, akasema yote mawili. Basi nitajaribu, na saa ya kanisa ile pale ukutani, mchungaji ataniangalizia.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Mimi sikuwa rafiki wa Nyachae. Mtu mkubwa akifa, marafiki zake huota kama uyoga baada ya mvua. Huyu alikula naye, yule alishauriana naye usiku wa manane. Mimi nilikuwa karani wa mipango wilayani katika miaka ya 1980, naye alikuwa juu kule Nairobi ambako barua zilitoka. Nilimwona kwa mbali, na mara nyingi niliona mgongo. Lakini kazi yake ilipita juu ya meza yangu, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa.

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1932, huku kwetu Nyaribari. Baba yake alikuwa Musa Nyandusi, chifu mkuu wa enzi za Mwingereza. Hapa ndani nawaona wazee ambao baba zao walipeleka kesi za mipaka mbele ya Nyandusi. Wengine walishinda, wengine walishindwa, na waliosikia hadithi hizo nyumbani wanajua kwamba hazisimuliwi kwa sauti moja. Mtoto wa chifu hujifunza mapema jambo ambalo sisi wa nyumba nyingine tulijifunza ukubwani: kwamba karatasi yenye muhuri inaweza kumtolea mtu ng'ombe zizini. Anaamka asubuhi, anakuta watu wamekaa chini ya mti tangu alfajiri wakimngoja baba yake. Wana shida. Wanasalimia mpaka watoto kwa heshima. Kijana anayekua akisalimiwa hivyo ana njia mbili tu. Ataamini kwamba watu waliumbwa kungoja, au ataanza kujiuliza kwa nini foleni haiishi.

Shule nayo ilikuwa ya misheni. Mnajua historia yetu: Waadventista walifika Gendia, kando ya ziwa pale Kendu Bay, mwaka 1906, kisha wakapanda milima hii, na Nyanchwa, kituo chao hapa Kisii, ikawa Nyanchwa. Walileta kusoma, wakaleta dawa, wakakataza pombe na tumbaku, na wakaleta Sabato. Hayo tunayasema kila mwaka makambini. Kuna jingine ambalo hatulisemi sana, labda kwa kuwa halina wimbo. Walileta zaka.

Nisikilizeni hapo kidogo. Huwezi kutoa fungu la kumi kama hujui kumi yako ni ngapi. Bibi aliyeuza debe la wimbi sokoni, akitaka kuwa mwaminifu kwa Mungu, ilimbidi akae chini ajue ameuza kiasi gani, ametumia kiasi gani, amebaki na nini. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Wagusii wa kanisa hili, daftari la kwanza la hesabu halikutoka benki wala dukani. Lilitoka kwenye bahasha ya zaka. Mimi mwenyewe kujumlisha nilifundishwa na mama yangu juu ya meza ya jikoni, Ijumaa mchana, akipanga senti katika mafungu kumi na kuniambia niondoe moja. Nikiondoa lile dogo, ananipiga kofi la mkono. Kwa hiyo mtu akiniuliza kanisa lilimpa Nyachae nini cha biashara, sitatafuta mbali.

Kazi yake serikalini nitaipitia upesi, mnaijua. Alianza karani wa wilaya miaka ya 1950, akaenda Uingereza kusomea utawala wa umma, akarudi, akawa DO, afisa wa tarafa, akawa DC, mkuu wa wilaya, na hata hajafika miaka thelathini na mitano akawa PC, mkuu wa mkoa, wa Bonde la Ufa. Baadaye akaongoza Mkoa wa Kati, mkoa wa nyumbani kwa Mzee Kenyatta mwenyewe. Vijana wa siku hizi mnaona gavana mnadhani mmeona ukubwa. PC wa wakati ule alikuwa na bendera, na polisi wa mkoa walimsikiliza, na akikohoa Nakuru kuna mtu wa tarafa anasimama wima. Na huyu alikuwa Mgusii, mtoto wa milima ya ndizi, anayetawala watu ambao si wa lugha yake. Wengi wetu tulipata kiburi cha bure kwa sababu hiyo tu.

Na huku nyuma, biashara ilikuwa inakua. Sansora ni jina ambalo wazee wa mji huu hawahitaji kuelezwa: mkate. Kisha ikaja kusaga unga, ikaja kampuni ya Kabansora Nairobi, yakaja mambo mengine. Kwa hiyo mtu mmoja ana mhuri wa serikali mkono wa kulia na unga wa ngano mkono wa kushoto.

Vijana wananiuliza, hiyo iliruhusiwaje? Iliruhusiwa, tena kwa karatasi. Mwaka 1971 ilitoka ripoti ya tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu. Tume hiyo ilipewa kazi ya kutazama muundo na mishahara ya watumishi wa umma. Ikasema kimsingi kwamba hakuna ubaya mtumishi wa serikali kumiliki mali na kufanya biashara, mradi isigongane na kazi yake. Wenzetu wa Tanzania walikuwa wameshapita njia nyingine kabisa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili, hata kupangisha nyumba. Mpaka ni mmoja pale Isebania, saa mbili kwa gari kutoka hapa, lakini upande huu DC angeweza kuwa na matatu na upande ule mwenzake akiwa na kibanda cha kupangisha anaitwa apige hesabu na nafsi yake.

Mimi sikuja kuamua nani alikuwa sawa. Nimeona waliokatazwa wakaandikisha mali kwa jina la shemeji. Nimeona walioruhusiwa wakasahau lile neno "mradi". Ripoti yote ya Ndegwa ilisimama juu ya "mradi", na neno hilo ni jembamba, halibebi uzito.

Tufikirie mkate, maana mkate ni kitu cha karibu. Mkate unaokwa usiku, unatoka tanurini alfajiri, na mpaka saa moja asubuhi uwe umefika dukani, la sivyo mwenye duka ameshachukua wa mwingine. Haulali. Wa jana ni wa kuku. Sasa tanuri linahitaji cheti cha afya, na afisa wa afya ni mtumishi wa serikali. Gari la mkate linapita kwenye kizuizi cha polisi. Mizani ya mkate inakaguliwa. Jiulize wewe ni yule afisa mdogo, umetumwa kukagua tanuri, na mwenye tanuri ni mkubwa wa wakubwa zako. Sisemi kwamba lilitokea. Na kwa haki yake niseme, mikoa aliyoitawala ilikuwa Bonde la Ufa na Kati, na mkate wake ulianzia huku Nyanza. Hilo si dogo. Nasema tu kwamba kiti kilikuwa kimewekwa hivyo, na hakuna mtu anayekaa kwenye kiti cha namna hiyo bila jasho, kama ana dhamiri. Kama hana, atalala usingizi mzuri sana.

Halafu kuna Ijumaa, Sabato inapoingia jua likizama. Wafanyabiashara wenzangu mnaijua Ijumaa. Huku kwetu jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima halibadiliki sana, kwa hiyo hakuna wa kusingizia kwamba limemshtukia. Kuanzia saa kumi jioni mji unaanza kujaa, watu wametoka kazini, mshahara umeingia, na wewe ndio unafunga mlango wa duka. Jirani yako hafungi. Wateja wako wanavuka barabara mbele ya macho yako, wengine wanakupungia mkono. Na Jumamosi, siku ya soko, umevaa tai uko kanisani. Nimesikia wahubiri wengi wakisema kwamba Mungu humlipa anayefunga. Huenda. Mimi niliyekuwa na duka nawaambia kwamba Mungu hakuwahi kunirudishia mauzo ya Ijumaa jioni kwa mfumo ninaoweza kuuonyesha kwenye daftari. Kitu nilichopata ni kingine: nilijizoeza, kila wiki, kuacha pesa mezani na kuondoka. Mtu asiyewahi kuacha pesa mezani hata mara moja, siku serikali itakapomwekea meza yenye pesa hataweza kuinuka. Viungo vitakuwa vimeganda.

Sasa nije kwenye kile kilichopita juu ya meza yangu.

Kabla ya mwaka 1983, kama kijiji chenu kilitaka daraja la miguu, karatasi ilienda Nairobi. Kule kulikuwa na mtu aliyechora daraja bila kujua mto wenyewe uko upande gani wa kilima. Wizara ya Maji ilikuwa na mpango wake, Elimu mpango wake, Kilimo mpango wake, na zote zilikutana huku chini kwa bahati mbaya: bomba linachimbwa leo katikati ya barabara iliyomwagwa murram jana. Nyachae wakati huo alikuwa Katibu Mkuu katika Afisi ya Rais, na baadaye mwaka 1984 akawa Katibu Mkuu Kiongozi, mkuu wa utumishi wote wa umma. Yeye ndiye aliyeusukuma mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo, ule mliouita District Focus. Ulianza kazi Julai 1983. Miradi ianzie kwenye kata ndogo, ipande lokesheni, ipande tarafa, na Kamati ya Maendeleo ya Wilaya ikae iamue kipi kitangulie.

Kamati hiyo mimi niliiandikia kumbukumbu. Hapakuwa na kompyuta. Unachapa kwenye stensili, ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha za wasichana, unangoja ikauke, unachapa tena. Kisha unaiweka kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono na wino unakuingia mpaka kwenye kiwiko. Siku ya kikao DC anakaa mbele, wakuu wa idara wamevaa suti za kaunda, wabunge wanafika wamechelewa na wanataka kusikilizwa kwanza. Orodha inasomwa: zahanati, josho la ng'ombe, madarasa mawili, kivuko. Nakumbuka mzee mmoja wa lokesheni, alikuja na viatu mkononi kwa sababu ya matope, alisimama akasema, "Sisi tuliomba maji. Hapa mmeandika josho. Ng'ombe wetu wamewaandikia barua?" Ukumbi ulivunjika mbavu. Lakini lile josho lilifutwa, nikalifuta mimi kwa kalamu, na maji yakaandikwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sikuwa nimewahi kuona mzee asiye na viatu akibadilisha karatasi ya serikali.

Tusidanganyane, mfumo ule ulikuwa na kasoro zake. Mwenyekiti alikuwa DC, aliyeteuliwa na Nairobi. Pesa zenyewe zilibaki kwenye wizara, kwa hiyo mlipanga mkangoja, mkangoja tena. Wabunge wenye sauti nene walipata madaraja mawili pasipo na mto hata mmoja. Lakini leo mnapokaa kwenye vikao vya bajeti ya kaunti mkibishana kuhusu wadi gani ipewe taa za barabarani, kumbukeni kwamba ubishi huo ulikuwa na babu. Mimi nafikiri yule mtoto wa chifu aliyeona watu wakingoja chini ya mti alikuwa anajaribu kupunguza foleni. Hayo ni mawazo yangu, hakuniambia.

Baada ya kustaafu utumishi, siasa. Alichaguliwa mbunge wa Nyaribari Chache mwaka 1992 kwa tiketi ya KANU, akapewa uwaziri. Ninaloliona kubwa ni la mwaka 1998, alipokuwa Waziri wa Fedha. Wakati ule walimu walikuwa wameahidiwa nyongeza kubwa mwaka mmoja nyuma, mwaka wa uchaguzi, mnajua ahadi za mwaka wa uchaguzi. Yeye akasimama akawaambia Wakenya hadharani kwamba kabati ni tupu, kwamba deni la ndani na riba yake vinakula mapato, kwamba pesa za kulipa ile nyongeza hazipo. Walimu wakagoma mwezi wa Oktoba. Nyumbani kwangu kulikuwa na mwalimu mmoja, ndiye mke wangu, na jina la Nyachae halikutajwa mezani petu bila kijiko kugonga sahani. Mimi nikasema polepole kwamba angalau amesema kweli. Nikaambiwa nikale hiyo kweli.

Februari 1999 akaondolewa Wizara ya Fedha, akapelekwa Viwanda. Hakwenda. Alijiuzulu.

Hapo ndipo mkate unarudi. Ni mawaziri wangapi katika nchi hii wamewahi kurudisha funguo za gari la serikali wenyewe, bila kufukuzwa? Mtawahesabu kwa vidole na kuna vidole vitabaki. Wengi hawawezi kwa sababu hawana pa kwenda. Nyumba ni ya serikali, mkopo unalipwa na mshahara wa serikali, hata jina lao ni la serikali. Ukimwondolea "Mheshimiwa" hageuki akiitwa. Nyachae alikuwa na tanuri lake. Kesho yake asubuhi mkate ungetoka kama kawaida. Kwa hiyo ile biashara tunayoiogopa, kwamba inamchanganya mtumishi wa umma, ndiyo hiyo hiyo iliyompa miguu ya kusimama na kuondoka. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka mingi, wala sijapata namna ya kulikata vipande viwili, kimoja kizuri na kimoja kibaya. Ni mkate mmoja.

Mwaka 2002 aligombea urais kwa Ford-People, akawa wa tatu, karibu asilimia sita ya kura, na Kisii karibu yote ikasimama nyuma yake. Mwaka 2004 Rais Kibaki akamchukua serikalini, Nishati kwanza, kisha Barabara na Ujenzi. Mwaka 2007 watu wake wa Nyaribari Chache wakampigia kura mtu mwingine. Akarudi nyumbani. Alifariki tarehe 1 Februari 2021, zimebaki siku tano afikishe miaka themanini na tisa. Mliokuwepo uwanja wa Gusii siku ya kumuaga mtakumbuka jinsi wanasiasa walivyorushiana maneno jeneza likiwa pale pale. Mimi nilikuwa nimevaa barakoa, enzi za korona, na nilifurahi kwamba hakuna aliyeona uso wangu.

Nchi nayo imejaribu kulinenepesha lile neno "mradi". Sheria ya maadili ya mwaka 2003 iliwataka watumishi wa umma watangaze mali zao, na ikawakataza kutumia vyeo vyao kuchangisha harambee. Katiba ya mwaka 2010 ikaja na Sura ya Sita, inayomwambia afisa wa serikali wa kazi ya muda wote kwamba hana ruhusa ya kuwa na ajira nyingine ya malipo. Ni maandishi mazuri. Nanyi vijana wa kaunti mnajua yanavyozungukwa, msinitazame hivyo.

Lakini nimesema nitawaambia ilivyo, na siwezi kumaliza na makosa ya watu wa Nairobi. Nina langu. Mchungaji, nipe dakika tano.

Mwaka 1989 kanisa letu, sitalitaja, wenye kulijua watalijua, lilikuwa limefika kwenye linta na pesa za paa zimepatikana. Mimi nilikuwa mhazini wa kamati ya ujenzi. Nilikuwa bado karani wa wilaya. Na nyumbani tulikuwa na duka la mabati, misumari na simiti. Mnaona? Viti vitatu vya Nyachae, ila vyangu vilikuwa vya miguu mitatu, vya kukamulia.

Kamati iliamua mabati themanini na manne, geji 30. Nikasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba nitayatoa kwetu kwa bei ya ndugu. Watu wakasema amina. Mzigo ulipofika dukani nikaona muuzaji wa jumla ameleta geji 32, jembamba zaidi. Nikajiambia mvua iko mlangoni, kuyarudisha ni wiki tatu, fundi ameshalipwa malipo ya kwanza, na kwa macho nani atajua? Nikayapeleka. Nikalipwa. Kwa kweli siku ile nilijiona nimelitumikia kanisa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Dorkasi, mzee, mnene wa mikono, muuza ndizi. Kusoma alijua kidogo, namba alizijua zote. Alikuja Jumatano jioni kabla ya maombi, akaenda moja kwa moja kwenye mabati yaliyopangwa ukutani. Akashika ukingo wa la juu kwa kidole gumba na cha shahada, akaukunja. Ukakunjika. Akaniita, "Mhazini, hili ni la banda la kuku." Nikaanza kueleza habari za kiwanda. Akasema, "Sawa. Niletee risiti tuone imeandikwa geji ngapi."

Risiti haikuwapo. Nilikaa kimya, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefanya nini. Muuzaji ni mimi, mnunuzi ni mimi, mlipaji ni mimi. Nani angemwandikia nani?

Hakupiga kelele. Alinikalisha kwenye benchi la mbele, akatoa kitabu cha risiti cha ndizi zake mfukoni mwa leso, akaniambia niandike. Niandike nini, mama? "Andika ulivyofanya." Nikaandika, kwa mwandiko wangu wa serikali ambao nilikuwa naringia: Mimi, mhazini, nimenunua kwangu mwenyewe mabati 84, geji 32, badala ya geji 30, na kujilipa. Akanifanya nitie sahihi mara mbili, kwenye nafasi ya anayepokea na kwenye nafasi ya anayetoa. Kisha akaita wazee wawili wa kanisa waliokuwa wanaingia kwa maombi, wakasoma, wakatia sahihi zao chini. Mmoja wao alikuwa baba mkwe wangu.

Mabati ya geji 30 nilileta baada ya wiki tatu na siku mbili. Mvua ilitangulia. Yale ya geji 32 niliezekea jiko letu, ghala, na choo, na yakabaki. Bado yapo. Mvua ikinyesha pale jikoni hatusikilizani, na mke wangu, akitaka kunisema jambo ambalo hataki nilijibu, hungoja mvua.

Yule mama alikufa akiniachia kile kitabu cha risiti. Mwanawe alinipa, akaniambia mama alisema ni changu. Nimekuja nacho, hiki hapa, karatasi imekuwa njano. Mhazini wa sasa yuko pale nyuma karibu na mlango. Inuka tu mwanangu, usiogope, sitakuuliza kitu. Nitakuletea ukisome baada ya ombi la kufunga, halafu twende tule.